Bawaba

Sheffield, Desemba. Tramu inapanda mlima ikihema.
Nimelipwa saa moja na nusu
kukaa kati ya vinywa viwili.

Kushoto Mwavita, mzaliwa wa Fizi,
aliyetoka zamu ya usiku kupanga jibini juu ya mikate,
taya lake likilia *tak*
kila anapotamka *a*.
Kulia Daktari Ollerenshaw,
soksi hazifanani, kalamu sikioni.

Daktari anasema sentensi ndefu,
kisha ananitazama.

Gegedu, nasema.
Mwavita ananikodolea macho: "Gegedu ni mdudu?"
Hapana, mama. Ni ule ugumu mlaini, mweupe,
mwishoni mwa mfupa wa kuku,
unaolia kra-kra —
"Aa! Ile watoto wanagombaniaga!"
Ndiyo, hiyo. Yako imelika.

"Nani ameila?"

Swali hilo sikulivusha upande wa pili.
Pengine ningelivusha.
Ipo miaka kumi na mmoja ya kambi,
ya kulala meno yameng'atana
kama mlango uliokomewa kwa ndani,
sikio likihesabu nyayo.
Bawaba haichakai kwa kufunguliwa tu.

"Mhubiri wetu alisema kusaga meno ni kwa walio gizani,"
ananiambia, "hakusema giza lenyewe
huku linaingia saa kumi."
Akacheka. *Tak.* Akashika shavu.

Daktari anatoa sindano ya mfano, nyembamba kama unywele wa ndevu.
Ndani yake, anasema, majimaji mazito,
(nikasema: uji wa mgonjwa)
yakifika penye joto la mwili yanaganda,
yanakuwa kiunzi.
Chembe hai zitachukuliwa puani mwako,
zitakwea humo, zitajenga gegedu mpya,
na kiunzi kitayeyuka taratibu,
fundi aondokaye bila kudai chai.

"Pua ijenge taya?"
Ni majirani, mama.
"Majirani," anasema, na hasemi zaidi.

Daktari kasema *huenda* mara nne.
Nimeziweka zote nne mezani,
sikumpunja hata moja.
Huenda maumivu yakapungua. Huenda kinywa kikafunguka
upana wa vidole vitatu.
Huenda gegedu ikashika. Huenda isishike.
Binadamu waliochomwa bado wachache.
Kwa mbuzi, matokeo ni mazuri.

Hapo Mwavita anakaa wima.
"Mbuzi wangapi?"
Kumi na wawili.
"Majike?"
Daktari hana hakika.
"Baada ya sindano, walicheua?"

Kimya. Karatasi zinapekuliwa.
Yeye aliyefuga mbuzi arobaini na tatu,
akawaacha wamefungwa kamba usiku ule,
anangoja jibu kwa heshima zote.
Walicheua, daktari anasema hatimaye,
wiki ya tatu. Wote isipokuwa mmoja.
"Huyo mmoja alikuwa na nini?"

Daktari anaichomoa kalamu sikioni
na kuliandika swali lile kama lilivyo.

Hakutia saini. Aliikunja fomu mara nne,
akaitia kwenye sidiria palipo na vitu vya maana,
akasema atarudi Jumanne, au hatarudi.

Kituoni, mvua nyembamba ya mlimani.
Kiwanda cha chuma ng'ambo ya barabara
sasa ni nyumba za wanafunzi, madirisha yanawaka.
Mwayo ulimjia, akaukatiza katikati,
kiganja shavuni, kama mtu azuiaye mlango
usiwaamshe waliolala.

"Hilo gegedu lako," akasema, "ni neno la vitabuni."
Akanipa la kwao.
Nililiandika nyuma ya tiketi, akalitamka tena polepole
niisikie lafudhi.
Lina *a* tatu.
Nilizihesabu kwa mlio.